Ganda la risasi halipimwi kwa mzani

Ukiona ganda la risasi katika mitaa ya Nairobi kama Mathare, Kayole au Dandora baada ya polisi kufyatua risasi, usilikimbize kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, hata shaba ikimetameta vipi. Tazama kitako chake: kile kishimo kidogo katikati ni alama ya bunduki iliyolifyatua, nayo huweza kuitambulisha. Familia iliyofiwa inalihitaji sana ganda hilo kama ushahidi. Basi usiliguse. Lipige picha ukiweka funguo kando, lifunike kwa beseni, andika saa na mahali, kisha ijulishe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, au kituo cha haki cha mtaani.

Ganda ambalo bado lina kichwa ni risasi nzima. Waondoe watoto. Lisitiwe motoni wala kugongwa nyundo, tafadhali.

Fundi anayetengeneza vipuli kwa shaba ya maganda atafute maganda ya viwanja vya shabaha, kwa stakabadhi.