Òyìnbó: Namna ya Kupima Asili ya Neno

Mzungu akipita sokoni Ibadan, kusini-magharibi mwa Nigeria, ataitwa òyìnbó. Akivuka mto Niger na kuingia kwa Waigbo ataitwa oyibo, na Pijini ya Nigeria husema hivyo pia. Wapo Wayoruba wanaosema èèbó. Je, hili ni neno moja au ni matatu? Lilizaliwaje? Jibu linalopendwa sana ni kwamba maana yake ni "aliyebanduka ngozi". Ni jibu linalovutia, lakini lazima lipimwe, na kipimo huanza na sauti.

Kiyoruba ni lugha ya toni. Kila silabi hubeba toni ya juu, ya kati au ya chini, na toni ikibadilika neno nalo hubadilika. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri, ọ̀kọ̀ ni mkuki. Alama inayopanda huonyesha toni ya juu, inayoshuka huonyesha ya chini, na irabu isiyo na alama ni ya kati. Sisi tuliozoea Kiswahili kisicho na toni huziona alama hizi kama mapambo. Kwa Myoruba ni sehemu ya neno, sawa na konsonanti. Tena, herufi n katika yìn haitamkwi peke yake. Inaonyesha tu kwamba irabu i inapitia puani. Kwa hiyo òyìnbó lina silabi tatu: chini, chini, juu.

Sasa tulifungue. Ò- mwanzoni inaweza kuwa kiambishi cha mtenda, kama katika òṣìṣẹ́, mfanyakazi, linalotokana na ṣe, kufanya, na iṣẹ́, kazi. Hapo hadithi ya ngozi imepita. Mwishoni kuna bó, ambalo kwa Kiyoruba ni kumenya au kubanduka, tena kwa toni ileile ya juu. Imepita tena. Tatizo liko katikati. Yìn yenye toni ya chini ni kusifu, au kufyatua bunduki. Ngozi ni awọ, na katika neno letu awọ haimo. Mwingine anaweza kukimbilia oyin, yaani asali au nyuki, lakini hiyo ina toni za kati na neno letu lina za chini. Anayetaka kuziunganisha lazima aonyeshe kanuni inayoshusha toni hizo, pamoja na maneno mengine yaliyoifuata. Maelezo yanayofaa theluthi mbili za neno hayajalieleza neno. Sisi nasi tuna simulizi yetu kwamba neno mzungu limetokana na kuzunguka, nayo inastahili kipimo hikihiki.

Kwenye maumbo mengine ya neno, oyibo na èèbó, tunasimama mahali imara zaidi. Kiigbo sanifu hakitofautishi maneno kwa irabu za puani, hivyo neno likifika huko unazali hudondoka na kubaki oyibo. Èèbó inadai subira. Kiyoruba kina tabia ya kudondosha konsonanti iliyo kati ya irabu mbili, kisha irabu ya kwanza huimeza ya pili: òtítọ́, kweli, huwa òótọ́, orúkọ, jina, huwa oókọ. Tukidondosha y kwa njia hiyo tunapata òòbó, si èèbó. Hapa ndipo mwanafunzi makini hufurahi, kwa sababu kosa la kanuni linaelekeza macho. Sauti i na y hutamkwa mbele ya kinywa, e pia. O hutamkwa nyuma. Dhana inayofaa kuchunguzwa ni kwamba y iliivuta o kuelekea mbele kabla ya kutoweka.

Maandishi ya zamani nayo hutoa ushahidi. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, aliyejitambulisha kuwa Mwigbo, alichapisha London kitabu cha maisha yake. Humo anawataja watu walioitwa Oye-Eboe, wenye rangi ya mkangazi, waliotoka kusini-magharibi kuuza bunduki, baruti, kofia, shanga na samaki wakavu. Yeye anasema maana yake ni watu wekundu wanaoishi mbali. Kama ndilo neno lilelile, basi wakati huo halikuwa la Wazungu peke yao, na hadithi ya ngozi iliyomenywa inazidi kudhoofika.

Hata leo maana yake haikomei kwenye rangi. Mwafrika aliyesoma na kuishi kwa desturi za Ulaya huitwa òyìnbó dúdú, òyìnbó mweusi. Nanasi, tunda lililotoka Amerika ya Kusini, ni ọ̀pẹ̀ òyìnbó, mchikichi wa Wazungu. Lakini mgeni wa kawaida si òyìnbó: anayekaribishwa nyumbani ni àlejò, na asiyejulikana ni àjèjì.

Kwa vipimo hivi, udugu wa òyìnbó na oyibo unakubalika, èèbó ni ndugu anayehitaji ushahidi zaidi wa lahaja, na "aliyebanduka ngozi" yaelekea ni simulizi iliyotungwa baada ya neno kuwapo.