Mtoto na Runinga Katika Miezi ya Joto



Tangu Mei hadi Septemba joto la Maskati huwa kali, na mara nyingine hupita nyuzi 40, na watoto wakaao katika fleti za Wadi Kabir hubaki ndani mchana kutwa. Runinga ndiyo huwa yaya. Hatumlaumu mzazi arejeaye kazini akiwa amechoka. Tukusudialo ni kubainisha kiasi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Asiyetimiza miaka miwili hashauriwi kutazama runinga wala simu. Wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Mtoto wa miaka mitatu au minne ahitaji pia usingizi wa saa 10 hadi 13, wa mchana ukiwamo. Wakubwa zaidi wahitaji kuushughulisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, nazo hazipatikani juu ya kochi.

Kwa nyumba zetu, hasara kubwa huenda ikawa ya ulimi. Mtoto hujifunza lugha kwa kujibizana: yeye atamke, mtu mzima amjibu. Katuni haimngoji. Hata runinga iliyoachwa wazi pasipo mtazamaji hupunguza maneno baina ya mama na mwana. Na pale ambapo Kiarabu ni cha shule na Kiingereza ni cha katuni, Kiswahili hakina pengine pa kukaa ila katika maneno hayo. Kuzungumza na bibi aliye Unguja au Mombasa kwa simu ya video ni jambo jingine, kwani bibi huuliza na kungoja jibu.

Waliokulia Unguja watakumbuka kwamba runinga ya zamani ilikuwa na saa yake ya kufunga. Ya leo haifungi, basi afunge mzazi: chakula kikitengwa, na saa moja kabla ya kulala. Zimeni pia ile sehemu ya programu inayoanzisha kipindi kingine yenyewe. Mtoto atalia siku za mwanzo. Asibembelezwe kwa simu ya baba. Na baba atazamaye mpira usiku wa manane katika chumba walalamo watoto, naye anahusika.

Jioni jua likishatua, mpelekeni pwani ya Matrah akakimbie. Ndani mna bao, mdako, vitendawili, hata kuchambua mchele pamoja na mama.

Mtoto aliyetimiza miaka miwili naye bado haunganishi maneno mawili, katika lugha yoyote, apelekwe kituo cha afya. Msingoje kwa kudhani kwamba wingi wa lugha nyumbani ndio umchelewashao, sivyo.