Maonyesho ya Sayansi: Mradi Huanza Likizo ya Desemba

Wanafunzi wa shule za upili wanaonuia kushiriki Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, maarufu kama KSEF, wanashauriwa kuanza kazi likizo hii. Mashindano huanzia shuleni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye taifa. Ngazi za mwanzo hufanyika muhula wa kwanza, kwa hivyo anayengoja shule zifunguliwe hubaki na wiki chache tu. Wiki hizo zinatosha kupamba bango, lakini hazitoshi kufanya utafiti.

Wengi hudhani kwamba mradi ni lazima uwe mashine yenye nyaya na taa. Mashine iliyonakiliwa kutoka video huanguka jaji anapouliza swali moja: ulijuaje kwamba inafanya kazi? Swali dogo la nyumbani lililopimwa vizuri lina nguvu zaidi.

Wala si suala la shule kubwa pekee. Shule ya Keriko, ya kutwa, katika kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja tu wakati mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, aliposhinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mnamo Machi 2019. Wanafunzi wake walikuwa wamebuni kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na wengine walituzwa kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya eneo lao. Mwaka huo timu ya shule hiyo ilifuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya ISEF huko Arizona, Marekani.

Tuchukue mfano unaoweza kufanywa katika boma lolote. Familia nyingi huhifadhi kunde kwa jivu au majani makavu ya mwarobaini ili fukusi wasizitoboe. Je, kati ya hivyo viwili, kipi hulinda zaidi? Kwa familia inayotegemea kunde hadi mvua ijayo, jibu lina maana kubwa kuliko cheti.

Tafuta chupa 12 za plastiki zinazofanana. Hesabu kunde 100 zisizo na tundu kwa kila chupa. Chupa 4 zitie jivu lililochekechwa, 4 zitie majani ya mwarobaini yaliyosagwa, uzito uleule, na 4 usizitie chochote. Hizi za mwisho ndizo za kulinganishia. Bila hizo huwezi kusema jivu limesaidia, kwa sababu hujui hasara ingekuwa kiasi gani bila jivu. Chupa nne kwa kila kundi nazo zina sababu: chupa moja inaweza kuharibika kwa bahati tu. Tia fukusi hai 10 katika kila chupa, funika kwa kitambaa chepesi na uziweke zote mahali pamoja penye kivuli.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kunde isiyo na tundu inaweza kuwa tayari na buu ndani, kwa maana fukusi hutaga yai juu ya punje, buu akaingia ndani kimya, na tundu la mviringo huonekana tu mdudu mzima anapotoka. Kwa hivyo, kabla ya kuanza, weka kunde zote kwenye friza kwa wiki moja, kisha zianike zikauke. Kwa sababu hiyo hiyo usiharakishe kuhesabu: baada ya wiki moja utaona mayai meupe tu. Ngoja wiki sita.

Hesabu punje zenye matundu katika kila chupa. Tuseme chupa nne za kulinganishia zina 58, 64, 61 na 69. Wastani ni 252 kugawanya kwa 4, yaani 63. Fanya vivyo hivyo kwa jivu na mwarobaini, kisha chora grafu. Jivu likishindwa, andika kwamba limeshindwa. Hayo pia ni matokeo, na jaji mwenye uzoefu huyaheshimu.

Andika kila kitu siku hiyo hiyo katika daftari moja, kwa kalamu na kwa tarehe, hata siku paka alipoangusha chupa. Daftari lililonakiliwa upya likawa safi mno hutiliwa shaka. Na ikiwa utafiti wako unahusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu vya maradhi, zungumza na mwalimu kwanza. Kanuni za ISEF hudai idhini kabla ya kazi kuanza.

Mbali na KSEF, lipo pia shindano la Young Scientists Kenya, lililofuata mfano wa maonyesho ya vijana ya Ireland.

Kuhusu usajili, muone mwalimu mlezi wa klabu ya sayansi. Shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo ofisi ya wadi haina fomu hizo, na wazazi wasipoteze nauli kuzifuata huko. Kilimo, hata hivyo, ni jukumu la kaunti. Afisa wa kilimo aliye karibu nawe anaweza kukusaidia kuwatambua fukusi na kukueleza jinsi wakulima wa eneo lako wanavyohifadhi mavuno yao. Nenda na daftari lako na maswali uliyokwisha kuyaandika.