MADIRISHA YANAYOVUJA KATIKA MASHUA YA ZAMANI
(Somo la fizikia: kupanuka kwa vitu)



Darasani tunafundishwa ya kwamba kitu kikipata moto kinapanuka, na kikipoa kinajikusanya. Wengi wetu tunaandika ile sheria mu kaye na kuifunga. Leo tuone inafanya kazi namna gani kwa madirisha ya mashua za tanga zilizojengwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960 na 1970. Nyingi zingali majini, na nyingi zina ugonjwa mmoja: mvua ikinyesha, mwenye kulala ndani analowa.

1. Sababu ni nini?
Ukuta wa chumba cha mashua hizo ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na poliesta. Dirisha lenyewe si kioo. Ni plastiki ngumu yenye kuonyesha, kama ile ya Plexiglas, jina lililoandikishwa Ujerumani mwaka 1933. Kwa kila digri moja, plastiki hiyo inarefuka karibu 0,00007 ya urefu wake. Tutwae dirisha la metre 1, asubuhi digri 10, mchana juani digri 40:

1 000 mm x 0,00007 x 30 = 2,1 mm

Ukuta haufiki nusu ya hapo. Basi kila siku plastiki inasukuma na kuvuta, na masitiki iliyo katikati inateswa. Ikiwa ingali laini, inafuata. Ikizeeka inakuwa ngumu, inapasuka ao inaachana na ukuta, na maji inapata njia.

2. Kosa linalofanywa mara nyingi
Mtu anapakaa masitiki mpya juu ya ile ya zamani, kwa inje tu. Ao anakaza visi kwa nguvu. Masitiki mpya haishiki juu ya uchafu, zaidi sana juu ya silikoni ya zamani. Na visi ikikazwa mno inakamua masitiki yote. Plastiki inakosa nafasi, inapasuka kwenye tundu. Tena maji iliyofichwa haikauki. Katikati ya ukuta mara nyingi mna ubao. Unaoza polepole, ukuta unaonekana mzima, kumbe ndani ni uji. Siku ya wimbi kubwa, dirisha linaweza kung'oka.

3. Kazi nzuri
a) Mmoja amwage maji kwa inje, akianza chini na kupanda polepole; mwenzake aangalie ndani. Maji inaweza kutokea mbali na pale inapoingilia.
b) Ondoa dirisha zima, kwangua masitiki yote. Plastiki isafishwe kwa maji na sabuni, si kwa asetoni, ju inailetea nyufa.
c) Ubao uliooza utolewe, ule mzima ukauke kwanza.
d) Matundu katika plastiki yawe mapana kupita visi.
e) Paka silikoni nyingi, kaza kidogo tu, ibakie safu ya milimita 2 ao 3. Ikisha kukauka, ongeza kidogo.

Tushike hili: kuziba si kukaza. Kati ya vitu viwili visivyopanuka sawasawa, yapasa kuwe kitu laini, na nafasi.

Maswali
1. Dirisha la sentimita 60 linarefuka kiasi gani kutoka digri 15 mpaka 45?
2. Kwa nini tundu la msumari katika bati la nyumba linapanuka mwaka kwa mwaka?
3. Kwa nini tunamwaga maji tukianzia chini?

Majibu yaletwe kwetu mbele ya Ijumaa.