KUTOA HEWA KATIKA FRENI ZA MOTOKARI YENYE ABS



Wengi katika kilasi za juu wameuliza kama ni kweli siku hizi mtu anaweza kutoa hewa katika freni za motokari nyumbani kwa msaada wa ordinatere. Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kila motokari, tena si ordinatere yenye kufanya kazi yote. Inafaa tuanze na fizikia, maana bila ile mtu atakuwa anabonyeza vibonye tu.

Tunakumbuka somo la Pascal: nguvu ya kusukuma maji yaliyofungwa inafika pande zote bila kupungua. Mguu unakanyaga pedali, silinda kubwa inasukuma mafuta, na kwenye gurudumu pistoni inabana plakete juu ya diski. Mafuta hayakubali kubanwa. Hewa inakubali. Kamata serenge isiyo na sindano, ujaze maji, ufunge tundu kwa kidole na usukume: haiendi. Acha hewa kidogo ndani, usukume tena: inashuka. Ni vile pedali inavyokuwa laini kama sponji. Shofere anakanyaga mpaka chini na motokari inaendelea kuteremka. Mwenye kujua miteremko ya Bukavu hahitaji maelezo mengine.

Hewa haipitie kwa tundu la tiyo peke yake. Mafuta ya freni yanavuta maji toka hewani. DOT 4 mpya inachemka si chini ya digri 230; ikisha kunywa maji asilimia 3,7 inaweza kuchemka kwa digri 155, na mvuke nao unabanwa sawa na hewa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanaomba mafuta yabadilishwe kila miaka 2. Mtu asitie maji, wala mafuta ya motere: yale yanavimbisha mipira ya silinda, na freni zote zinaharibika.

Sasa juu ya nini ordinatere? Mercedes-Benz ilianza kuuza motokari yenye ABS ya Bosch mwaka 1978, na leo karibu motokari zote mpya zina kitu cha namna ile. Katika bloki ya ABS kuna milango midogo inayofunguliwa kwa umeme, na pompi ndogo. Mlango wa kutokea unabaki umefungwa, na nyuma yake kuna nafasi ambayo mguu hauwezi kufikisha mafuta. Hewa ikijificha pale, utatoa mafuta siku nzima bila kuigusa. Kisha siku moja ABS inafanya kazi njiani, na hewa ile inaingia katika freni. Programu inaamuru milango ifunguke na pompi izunguke, ndipo hewa inatoka.

Basi, kama unabadilisha mafuta tu na bokali haikukauka, kwa motokari nyingi kazi ya mkono inatosha. Programu inahitajika kama bloki imebadilishwa au hewa imeingia ndani yake. Kuna nyingine, kama Toyota Prius, ambazo freni zake zina pompi ya umeme. Zile zisiguswe bila kitabu chake na programu yake. Kwa Toyota ni Techstream, kwa Ford FORScan, kwa Volkswagen VCDS. Kifaa kidogo cha bei rahisi chenye kusoma makosa ya motere mara nyingi hakifiki kwenye ABS.

Kazi yenyewe inaomba watu wawili wenye kusikilizana. Motokari iwe mahali sawa, mawe kwenye magurudumu, na isibebwe na kriki peke yake. Jaza bokali, usiache ishuke chini ya alama. Mara nyingi tunaanza na gurudumu la mbali na silinda kubwa: kuume nyuma kama volani iko kushoto, zile za volani kuume zinazotoka Japani, kushoto nyuma. Lakini kitabu cha motokari kikisema namna nyingine, kifuatwe. Mmoja anakanyaga polepole na kusema «Nimeshika». Mwingine anafungua visi kidogo, mafuta yanapita katika tiyo ya kuonyesha ndani mpaka chupani, anafunga, anasema «Acha». Mguu ukiachwa mbele ya visi kufungwa, hewa inarudi ndani na mmepoteza saa yenu.

Kisha unganisha ordinatere kwa prizi yenye matundu 16, batri ya motokari iwe kwenye sharjere, maana pompi inakula umeme mwingi. Washa kontakti, chagua ABS, fuata maneno ya programu gurudumu kwa gurudumu. Pompi itapiga kelele na pedali itatetemeka, usiogope. Ikiisha, rudia kazi ya mkono.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ordinatere haioni hewa. Inaweza kuandika kwamba hakuna kosa hata moja, taa ya ABS imezimika, na pedali bado laini. Mguu ndio unaohukumu. Kanyaga kwa nguvu dakika moja: ikishuka, kuna mafuta yanayopotea. Ukiwasha motere pedali inashuka kidogo mara moja. Ile ni kawaida. Jaribu polepole mahali sawa, bila abiria. Hata kama tumeomba Mungu mbele ya safari, visi iliyosahauliwa inabaki wazi.

Mafuta ya zamani yasirudishwe katika bokali. Yanakula rangi ya motokari, tena ni sumu na yanafanana na chai nyepesi. Yafungwe katika chupa yenye alama, mbali na watoto.