Boti ya Faiba Iliyobaki Ganda

Faiba ni kitu chenye sehemu mbili. Ya kwanza ni nyuzi za kioo, yaani kioo kilichoyeyushwa na kuvutwa hadi kikawa chembamba kuliko unywele. Ya pili ni resini, kimiminika kizito ambacho huwa kigumu kikichanganywa na kemikali nyingine. Nyuzi hazikatiki kirahisi zikivutwa, lakini peke yake hulegea kama kitambaa. Resini ni ngumu, lakini peke yake hupasuka. Zikiunganishwa, hushikana kama fito na udongo katika ukuta wa nyumba ya miti. Mwaka 1942, Ray Greene wa jimbo la Ohio, Marekani, alitengeneza mashua ndogo kwa njia hii, nayo ni miongoni mwa za kwanza duniani. Leo boti za faiba zinavua na kubeba abiria katika pwani yote ya Afrika Mashariki na katika Ziwa Viktoria.

Somo hili linahusu boti moja ya namna hiyo, ya mita 5 hivi, iliyokwisha kung'olewa injini, viti, nyaya, tangi na pampu. Limebaki ganda. Mnunuzi akilitazama huliona zima, kwa sababu faiba haishiki kutu wala haitobolewi na wadudu wa baharini. Jua hufifisha uso wake na kuufanya utoe unga mweupe, lakini huo ni uso tu, tabaka la rangi lenye unene wa nusu milimita hivi. Uharibifu mkubwa hukaa mahali pasipoonekana, katika mbao na povu vilivyofungiwa ndani ya faiba. Mtu anayeanza kwa kupaka rangi hupoteza fedha zake.

Kwa nini kuna mbao ndani ya boti ya faiba? Bamba la faiba lenye unene wa milimita 5 halivunjiki kirahisi, lakini hupinda. Uwezo wa bamba kukataa kupinda hutegemea sana unene wake: unene ukizidishwa mara 2, uwezo huo huongezeka mara 8. Kujaza unene huo wote kwa resini na nyuzi ni ghali na kunaongeza uzito. Kwa hiyo waundaji waliweka plaiwudi katikati, wakaifunika kwa faiba pande zote mbili. Walifanya hivyo katika mihimili inayopita chini ya sakafu, katika sakafu yenyewe, na zaidi ya yote katika ukuta wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma ambao injini ya kupachika hubanwa juu yake.

Ukuta wa tezi unastahili kufikiriwa kwa utulivu. Injini ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa takriban kilo 70 hadi 100. Rafadha yake, ile feni inayosukuma maji, iko chini ya boti, mbali na mahali injini ilipobanwa. Rafadha ikisukuma mbele, mguu wa injini huugandamiza ukuta kwa chini huku vibano vikiuvuta kwa juu kuelekea nyuma. Kila wimbi hurudia mvutano huo. Plaiwudi ikiwa nzima, ukuta hautikisiki. Ikioza, zinabaki ngozi mbili nyembamba za faiba zenye uchafu laini katikati, na injini inaweza kung'oka ikiwa safarini. Katika kazi yote ya kufufua boti, hapa ndipo pasipostahili kubania fedha.

Kuoza kwa ubao ni kazi ya kuvu. Kuvu huhitaji chakula, hewa na unyevu. Chakula ni ubao wenyewe, na hewa ipo ya kutosha ndani yake. Kilichobaki ni unyevu, nao huingia kupitia matundu ya misumari ya hesi na bolti ambayo hayakuzibwa vizuri. Ubao ukibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu hawaoti. Kwa hiyo tundu moja dogo la mshikio wa ngazi, lililotobolewa miaka mingi iliyopita na mtu mwenye haraka, laweza kuwa chanzo cha ukuta mzima kuoza.

Uchunguzi hauhitaji vyombo vya gharama. Ganda hugongwagongwa kwa mpini wa bisibisi, kipande kwa kipande, na sikio hutegwa. Faiba iliyoshikamana na ubao mzima hutoa sauti kavu na kali. Iliyoachana na ubao, au yenye ubao uliooza, hutoa sauti nzito iliyofifia. Pale sauti inapobadilika, tundu dogo hutobolewa kutoka upande wa ndani. Unga wa mbao ukitoka mkavu na wa rangi ya mbao, hakuna tatizo. Ukitoka mweusi na umelowa, faiba ya upande wa ndani ikatwe na ubao wote ulioharibika uondolewe, hata ule unaoonekana nusu mzima, kwa sababu kuvu wamekwisha kupita humo.

Povu nalo lina hesabu yake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ilhali povu la poliurethani la ujazo huohuo lina kilo 32 hadi 40. Tofauti hiyo ndiyo nguvu inayoweza kuibeba boti iliyojaa maji. Mwaka 1961, jarida la Life la Marekani lilionyesha picha za mtengenezaji wa boti Dick Fisher akiwa ndani ya boti yake ya Boston Whaler iliyokatwa katikati kwa msumeno, na bado inaelea, kwa kuwa nafasi yote kati ya ngozi zake mbili ilijazwa povu. Lakini povu lililokaa kwa miaka mingi ndani ya maji ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, hunyonya. Nusu mita ya ujazo ya povu ikilowa kwa sehemu ya tano tu, boti imebeba kilo 100 za maji ambazo pampu haiwezi kuzitoa. Povu lililolowa ndani kabisa ni vigumu mno kulikausha. Huchimbwa na kutupwa.

Baada ya kuondoa vilivyooza, ganda hukaushwa. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Maji huacha faiba polepole sana, molekuli kwa molekuli. Boti iwekwe chini ya paa, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi ili kutoa chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu hewani, kisha ipigwe na upepo kwa majuma mengi ya kiangazi, si wakati wa masika. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni angavu juu ya faiba, kingo zote zikizibwa kwa utepe wa gundi, na kuitoa boti juani kwa muda. Matone yakijitokeza chini ya nailoni, bado kuna maji ndani.

Sasa tuje kwenye resini, ambayo hukauka kwa namna tofauti na rangi. Resini ya poliesta, inayotumika katika boti nyingi, ni molekuli ndefu zilizoyeyushwa katika stireni. Kila molekuli ndefu ina sehemu zinazoweza kushika kitu, na molekuli fupi za stireni zinaweza kuwa madaraja kati yake. Madaraja hayo hayaanzi mpaka iongezwe hadina, ambayo ni aina ya peroksaidi. Kiasi chake ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Kwenye joto la pwani, asilimia 1 huwa inatosha. Madaraja yanapojengeka, joto hutoka, na joto hilo huharakisha madaraja mengine. Ndiyo maana resini iliyoachwa nyingi ndani ya kopo huchemka na kutoa moshi, ilhali iliyotandazwa nyembamba hukaza kwa utulivu. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha, hivyo miwani ya kazi ni lazima. Pia kobalti, inayouzwa kama kichapuzi, isigusane kamwe na hadina moja kwa moja, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Kobalti hukorogwa kwanza ndani ya resini hadi ichanganyike kabisa, kisha hadina hufuata.

Madaraja yakishakamilika, ganda lote huwa mtandao mmoja usioyeyuka tena. Hapa kuna jambo ambalo fundi mwanafunzi analazimika kulishika: resini mpya haiwezi kuchanganyika na faiba ya miaka 20. Ndani ya siku ya kwanza bado zipo sehemu zilizo wazi, na tabaka jipya hushikamana na lililotangulia kikemia. Baada ya miaka, resini mpya ni gundi tu juu ya kitu kigumu. Na gundi huhitaji uso safi, mkavu, uliokwaruzwa kwa msasa mkali wa namba 40 hadi 80, na eneo kubwa la kushika. Kwa sababu hiyo, kingo za tundu linalozibwa husagwa ziwe mteremko mrefu: kwa kila milimita 1 ya unene, milimita 12 za mteremko. Ganda la milimita 5 huhitaji mteremko wa milimita 60 kuzunguka tundu lote. Mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa milimita 1 hivi, basi tabaka 5 zitalijaza. Vumbi la kusaga ni la kioo. Barakoa nzuri na nguo za mikono mirefu zivaliwe, na vumbi lenyewe likusanywe, lisimwagwe ufukweni.

Ubao mpya ukiwekwa katika ukuta wa tezi, ni bora kutumia epoksi, aina nyingine ya resini, ambayo hushika ubao na faiba ya zamani kwa nguvu kuliko poliesta. Hadina ya epoksi haipunguzwi wala kuongezwa, kwa kuwa ni sehemu ya mtandao wenyewe; kipimo cha mtengenezaji kifuatwe kikamilifu. Na poliesta isiwekwe juu ya epoksi, maana haishiki vizuri.

Vifaa vikianza kurudishwa, kila tundu linalopita kwenye ubao hutobolewa pana kuliko bolti, likajazwa epoksi nzito, kisha likatobolewa upya ndani ya epoksi hiyo. Maji yakipita kwenye bolti hayatagusa ubao. Mguu wa injini ulingane na kimo cha ukuta, kwa kawaida sentimita 38 au 51, ili bamba lililo juu ya rafadha liwe usawa wa chini ya boti. Injini ikikaa juu mno, rafadha huvuta hewa. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, na fyuzi ikae karibu na betri, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia katika ngama, hivyo sehemu ya tangi iwe na njia ya kupitisha upepo.

Mwisho ni kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu wa injini. Metali mbili tofauti zilizogusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri, na ile inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi ndiyo huliwa. Zinki huziachia kwa urahisi kuliko alumini ya injini, basi huliwa badala yake. Isipakwe rangi, iguse metali tupu, na ibadilishwe ikibaki nusu. Katika maji yasiyo na chumvi ya Ziwa Viktoria, zinki hufanya kazi hafifu. Huko hufungwa kipande cha magnesi.