Maskati Mwishoni mwa Mwezi wa Mei

Mtu wa Machakos aliyewahi kupita Kibwezi mchana wa jua kali hudhani kwamba amekwisha kulijua joto. Lakini akifika mji wa Maskati, katika nchi ya Omani, mwezi wa Mei ukikaribia kwisha, hutambua kwamba alikuwa bado.

Sababu zake si ngumu kuzifahamu. Machakos iko juu ya bahari kwa futi zaidi ya 5,000, na katika kila futi 1,000 za kupanda joto hupungua kwa kadiri ya digrii 2 za Sentigredi. Maskati imo pwani kabisa. Tena, mwezi wa Mei jua limekwisha kwenda kaskazini: ndipo watu wa Machakos waanzapo kutafuta sweta asubuhi, na ndipo watu wa Maskati wasimamiwapo na jua utosini. Mchana joto hufika digrii 40, pengine hupita. Usiku nao hauleti nafuu kubwa, kwa kuwa milima iliyouzunguka mji ni mawe matupu, nayo hukaa na joto kama mafiga yaliyoondolewa moto. Mwezi wa Juni 2018, huko Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Maskati, ulipita usiku na mchana mzima joto lisishuke chini ya digrii 42.6.

Hatari yenyewe ni hii. Mwili hujipoza kwa jasho. Lakini upepo wa jangwani uvumapo, jasho hukauka mara litokapo, hata mgeni akaiona ngozi yake kavu, akadhani kwamba hapotezi maji. Asingoje kiu. Na anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, wala asiache chumvi katika chakula, maana chumvi nayo hutoka na jasho. Mwili huhitaji kadiri ya wiki moja au mbili kulizoea joto, na siku za kwanza ndizo mbaya.

Sheria ya Omani hukataza kazi za nje juani tangu saa sita na nusu mchana hata saa tisa na nusu, lakini kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti tu. Basi afikaye Mei kwa kazi ya ujenzi hana sheria hiyo ya kumkinga, na jua ni lile lile. Mwenye kutembea tu ana hiari yake: afuate desturi ya wenyeji, ambao hupumzika mchana na kurudi katika soko la Mutrah alasiri. (Huko asishangae kusikia Kiswahili, kwa kuwa Waomani wengi wazee wao walikaa Unguja.)

Mtu akiumwa na kichwa na kuona kizunguzungu, apelekwe kivulini apewe maji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, na mwili una moto, huyo yu karibu na kufa: avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji baridi, apepewe, na daktari aitwe papo hapo. Asinyweshwe kitu maadamu akili zake hazijarudi, kisije kikampalia.